Bwana Shao Havui Viatu

Al Wukair, Doha
19 Januari 2025

Dada Nasra,

Shikamoo. Nakuandikia barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu chumbani tumo wanne, na kila neno ninalosema lina wasikilizaji. Isome ukiwa peke yako.

Leo nimemwona mtu akitembea na pini mguuni na hana habari.

Ni Bwana Shao, yule Mchina ninayekusimulia, msimamizi wetu. Ofisi yetu ya lifti imo ndani ya nyumba ya kuishi watu, na sebule ndiyo mahali pa kusalia. Zulia limetandikwa ukuta hadi ukuta. Kila anayeingia huvua viatu mlangoni, awe Mwislamu au asiwe. Bwana Shao si Mwislamu, lakini katika hilo ni mwangalifu kutushinda sote. Huvua, huvipanga sambamba, hupita na soksi.

Leo alipita mbele ya meza yangu kwenda kutoa nakala. Alipoinua unyayo wa kulia niliona kitu chekundu chini ya kidole gumba. Ilikuwa pini ya ubao wa matangazo, ile yenye kichwa cha plastiki, imezama yote. Akakanyaga. Akainua tena, ipo. Akasimama pale kwenye mashine, uzito wake wote juu ya ile pini, akanitania kwamba nachapa kama kobe aliyefiwa, kisha akarudi ofisini kwake akipiga mluzi.

Sikumwambia. Niliganda. Alipoondoka nilikuta tone la damu kwenye marumaru karibu na mashine, nikalifuta.

Dada, bibi alitufundisha kwamba mtu anayechomwa asihisi ana ukoma. Huku wakikuta una ugonjwa wa kuambukiza, kibali cha kukaa kinafutwa. Mimi ndiye ninayechemsha maji ya chai, na vikombe ni vya wote. Kikombe changu nimekificha kwenye droo. Tangu mchana najifinya vidole nione kama bado vinauma.

Wewe ni muuguzi. Niambie niogope kiasi gani.

Mdogo wako,
Zuhura


Tanga
21 Januari 2025

Zuhura mdogo wangu,

Marahaba. Kwanza kitoe hicho kikombe kwenye droo. Ukoma hauji kwa kikombe cha chai, na siku hizi una dawa. Bibi alijua mengi, ila hilo mwachie mwenyewe.

Ninachokifikiria ni kingine. Kwenye kliniki yetu ya kisukari naona nyayo kama hizo kila juma. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa ganzi. Mzee mmoja wa Pongwe alikuja na ufunguo wa kabati ndani ya kiatu. Alikuwa ameutafuta nyumba nzima, kumbe anatembea nao. Tulicheka, naye akacheka, mpaka tulipomvua soksi.

Mchunguze bila kumkodolea macho. Anakunywa maji sana? Anakwenda chooni kila mara? Nguo zinampwaya?

Halafu mwambie habari ya pini. Ungekuwa wewe ungetaka kuambiwa.

Dada yako,
Nasra


Al Wukair
27 Januari 2025

Dada,

Maji, ndiyo. Ana chupa ya chuma kubwa kama ya mjenzi, anaijaza maji ya moto kutwa. Chooni, ndiyo. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya.

Lakini kisukari? Kisukari ni cha Mjomba Sefu na tumbo lake. Huyu ni mwembamba kama mlingoti. Hali keki, hanywi soda, na chai yake ni majani na maji, hata sukari haimo. Wenzangu wanapoagiza karaki, ile chai ya maziwa inayonata mdomoni, yeye hukunja uso.

Habari ya pini sikumwambia. Sasa sina haja. Alhamisi niliingia stoo kuchukua karatasi nikamkuta amekaa juu ya boksi, mguu juu ya goti. Kidonda ni kama tundu la kidole, na kando yake ni peupe. Alikuwa akikifunga kwa tishu na selotepu. Selotepu ya mezani kwangu, dada.

Aliniangalia, akasema, "Hukuona kitu, Zuhura."

Nikasema ndiyo. Kisha akauliza, "Mkataba wako unakwisha Machi, sivyo?"

Alisema kwa upole. Huo upole ndio ulionitia baridi. Mkataba wangu ni yeye anayeupitisha.

Tangu siku hiyo Bwana Shao havui viatu. Anaingia navyo, anakatisha zulia la sala hadi ofisini kwake. Fundi Bakari, Mpemba mwenye umri, ndiye hutusalisha. Juzi alilipiga zulia mswaki peke yake kwa hasira, hataki kusaidiwa. Anasema mtu akipata cheo huanza kubadilika miguuni. Mafundi wote wamemsikia. Mimi peke yangu najua kwa nini havui, na nimekaa kimya nikichapa barua za lifti.

Mdogo wako,
Zuhura


Tanga
28 Januari 2025

Zuhura,

Hilo la wanene lifute kichwani. Tulifundishwa semina nzima juu yake, nami nilikuwa mbishi kama wewe. Watu wa China, Korea, Japani, wengi wao hushikwa na kisukari wakiwa na mwili ambao hapa tungesema waongezewe ugali. Mafuta yao hujificha ndani, kwenye ini na katikati ya matumbo, na kongosho huchoka mapema. Nje mlingoti, ndani mambo mengine. Tena sukari si ya kijiko tu. Wali mweupe na tambi asubuhi, mchana na jioni ni sukari hiyo hiyo, imevaa nguo tofauti. Kwa hiyo mtu kama Bwana Shao hukaa miaka bila kushukiwa na mtu, hata yeye mwenyewe, mpaka macho au figo au mguu useme.

Mguu umesema. Selotepu haiwezi kuunyamazisha.

Sasa sikiliza. Ukiona wekundu unapanda juu, au kidole kinakuwa cheusi, au ukisikia harufu, au akitetemeka kwa homa, hapo hakuna kungoja kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Asipotaka, mwambie aliye juu yake. Najua unaogopa mkataba. Mimi nimeshika ndoo chini ya mguu unaokatwa, Zuhura. Kati ya hofu hizo mbili, yako naijua ni ndogo.

Nasra


Al Wukair
4 Februari 2025

Dada Nasra,

Shikamoo. Bwana Shao amepona. Alionana na daktari. Naomba tusirudie habari hii.

Wasalimu watoto.

Zuhura


Tanga
5 Februari 2025

Zuhura,

Daktari gani? Kampa dawa gani? Kadi za bima za ofisi nzima ziko mikononi mwako, kwa hiyo usiniambie hujui.

Tangu ujifunze kuandika hujawahi kuniletea barua ya mistari mitatu. Barua zako ndefu zilinitia wasiwasi. Hii imenitisha.

Nasra


Al Wukair
9 Februari 2025

Dada,

Hakuonana na daktari. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote, nami nikaona kukwambia wewe ni sawa na kumwambia mtu.

Aliniita uani, karibu na mitungi ya maji, akanieleza. Anajua ana kisukari. Alipimwa kwao zamani, akapewa vidonge. Vimekwisha tangu Novemba, na sasa anakunywa majani anayotumiwa na mama mkwe wake. Baba yake alikuwa mkulima wa ngano huko Gansu, mwembamba vilevile. Aliingia hospitali kwa sababu ya kidole. Wakakata kidole, wakakata mguu, wakakata goti, wakamrudisha nyumbani ndani ya blanketi. Bwana Shao ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Ananiambia, "Mlango ule siingii." Akaomba nimsitiri mpaka lifti za lile jengo jipya la Al Sadd zikabidhiwe mwisho wa mwezi, kisha atarudi kwao akatibiwe mbele ya mkewe. Mtu mzima, dada, anayeweza kunifukuza kazi, ananiomba huku anaangalia chini. Nikaapa.

Sasa kuna harufu.

Ilianza Jumanne. Kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Nilichukua chetezo nilichopewa na mama, nikawasha udi mlangoni mwa ofisi yake, nikisingizia kubariki kazi. Sasa nawasha kila asubuhi, na adhuhuri tena. Ofisi nzima imefurahi. Bakari amenisifu mbele za watu, kasema, "Binti huyu amelelewa." Mkurugenzi alipita, akauliza udi unatoka wapi. Nami nimekaa katikati ya moshi nikiogopa makaa yasizimike.

Jana alitetemeka akiwa anaongea na simu. Alisema ni kiyoyozi.

Nimefungua namba ya dharura kwenye simu mara nyingi, nikaifunga. Nikisema, nimevunja kiapo na huenda nikarudi nyumbani. Nikinyamaza akafa, ule udi uliomficha ni wangu.

Usinigombeze. Niambie tu la kufanya, hata kama umeshaniambia.

Zuhura


Doha
11 Februari 2025

Kwa dadake Zuhura,

Habari yako. Hunijui. Naitwa Nahashon, mimi ni dereva wa hapa ofisini, mtu wa Nakuru. Natumia simu ya Zuhura. Amenipa mwenyewe niandike kwa sababu mikono yake imekataa. Yeye ni mzima, usishtuke.

Wacha nikuambie vile ilikuwa. Leo saa ya sala ya mchana Mzee Shao alikuwa anaingia na viatu vyake kama kawaida. Mimi ni mtu wa kanisa, huku tunaabudu Ijumaa kule Mesaimeer, lakini hata mimi najua hiyo kapeti haikanyagwi hivyo. Bakari alikuwa ametoka kutawadha. Akasimama kwa mlango, mikono imefunguka, kama goalkipa.

"Leo hupiti."

Mzee akasema anangojewa na simu.

"Simu itangoja. Vua ndiyo upite. Hapa tunaweka paji la uso."

Mzee alikuwa anatoka jasho mpaka kola imelowa, na huku nje ni baridi ya Februari. Mimi sikujua. Nikasema, "Vua tu, mzee, ama soksi imetoboka?" Watu wakacheka. Hiyo nitaibeba.

Zuhura akasimama kwa meza yake. Akasema kitu kidogo sana, hakuna mtu alisikia. Akasema tena: "Hawezi kuvua. Mguu unaoza."

Mzee akamwambia, "Kaa chini." Hakukaa. Alikuja mpaka kwa mlango, akapiga magoti pale chini, msichana na hijabu yake, mbele ya wanaume wote, akashika kiatu cha mzee akaanza kufungua kamba. Alikuwa analia lakini vidole vinafanya kazi. Mzee alitaka kurudi nyuma, mguu ukamkataa, akashika ukuta.

Kiatu kilitoka. Soksi ilikuwa imeshikana na mtu, ikabidi aivute polepole. Na hiyo harufu, dada, nilijua ni kwa nini tumekuwa tukifukiziwa udi kama harusi. Kidole cha pili ni cheusi kama makaa. Wekundu umepanda mpaka hapa kwa kifundo.

Bakari aliangalia ule mguu, akaangalia kapeti. Akainama, akasema "Panda," akambeba mgongoni, akakimbia na yeye juu ya kokoto mpaka kwa gari, yeye Bakari akiwa peku. Nikaendesha vile sijawahi endesha.

Kwa hospitali mashine ya sukari ilikataa kutoa namba, ikaandika tu kwamba iko juu. Madaktari wanataka kumpasua leo leo. Yeye amekataa kusaini. Anasema apelekwe kwa ndege, arudi kwao. Wamemwambia hatafika. Bado amekataa, ameshika kitanda na mikono yote mbili.

Zuhura ako ndani na yeye. Anasema wewe unajua hii maneno. Tafadhali mwandikie kitu cha kumwambia huyu mzee. Haraka.

Nahashon


Tanga
11 Februari 2025

Zuhura,

Niko na simu mkononi, siendi popote.

Usimbishie. Usimwambie hospitali ni nzuri; ameshaona ya kwao. Muulize swali moja tu: baba yake alikaa na kile kidole muda gani kabla hajapelekwa? Kisha nyamaza. Hata akikaa kimya, mwache. Ajibu mwenyewe.

Akikubali, mwambie awaulize madaktari waziwazi: mnakata wapi, na mnaacha nini. Mtu anayeogopa anataka kujua mpaka uko wapi.

Jambo jingine, si la leo lakini usilisahau. Baba yake alikuwa na ugonjwa huu, mwana anao, wote wembamba. Kama ana watoto, wapimwe. Wasingoje kunenepa.

Umepiga magoti mbele ya watu kufungua kiatu. Mama nimemwambia. Ameuliza tu kama umekula.

Dada yako,
Nasra


Doha
23 Februari 2025

Dada Nasra,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nilikuwa na mambo mawili ya kungojea, na sikuweza kuandika katikati.

Nilimuuliza. Aliangalia dari muda mrefu hata nikadhani hakunielewa. Kisha akasema, "Tangu tulipopanda ngano mpaka tulipovuna." Akarudia peke yake kwa Kichina. Akamwita daktari, akamuuliza mnakata wapi, na daktari akachora mstari kwa kalamu juu ya ngozi yake. Akauangalia ule mstari. Akasaini.

Wamechukua vidole vitatu na kipande cha unyayo. Kisigino kipo, kifundo kipo. Wekundu umeshuka. Siku za mwanzo kila nilipoingia wodini niliangalia kwanza shuka, nione kama bado inainuka mahali panapotakiwa kuinuka. Sasa wanasema atatembea na kiatu maalumu. Figo zimeguswa kidogo, na jicho moja wanalifuatilia. Anachomwa insulini tumboni, na anasema afadhali, hapo bado panauma.

Jambo la pili: Mkurugenzi aliniita. Aliuliza kama nilijua, nikasema nilijua. Aliuliza na udi, nikasema ni mimi. Nimepewa onyo. Habari ya Machi hakuitaja, nami sikuthubutu kuuliza, kwa hiyo bado silali vizuri. Bakari alikwenda kwake bila kuniambia, akasema kama kuna wa kuonywa ni aliyemzuia mgonjwa mlangoni. Sijui kama imesaidia. Nahashon humpelekea Bwana Shao magazeti asiyoweza kuyasoma, na hukaa hapo akimtania kwamba sasa atanunua viatu kwa nusu bei. Bwana Shao hucheka. Mimi siwezi kucheka bado.

Jana alivaa shati juu ya nguo ya hospitali, akachana nywele, akaniomba nimpige picha ya kuwatumia mkewe na binti yake. Hawajui lolote. Wanadhani yuko Al Sadd anakabidhi lifti. "Kuanzia hapa kwenda juu," akasema, akaweka mkono kifuani. Kwao aliye safarini hupeleka habari njema tu, mbaya huimeza. Nilimwelewa, dada. Mimi nami nina barua za namna hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa amenionyesha picha ya binti. Anasoma chuo, amesimama kwenye theluji, mwembamba kama baba yake. Alisema kila mtu humsifu kwa wembamba wake.

Nikashika simu na maneno yako yakiwa kichwani. Nikamwambia, "Bwana Shao, binti apimwe." Akaendelea kunyoosha kola ya shati. Nikamwambia, "Akiona kifua tu, ataamini umenawiri, naye ataamini yeye pia amenawiri." Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa pazia la jirani na kitanda chote kikaingia kwenye picha, pamoja na mguu ulioviringishwa. Nikapiga. Nikampa simu, nikasubiri aniambie nitoke.

Aliitazama. Akaikuza kwa vidole viwili, akaipeleka juu, akaishusha chini. Kisha akavuta shuka pembeni mwenyewe, mpaka bendeji yote ikawa wazi.

"Piga tena," akasema. "Hii haionyeshi vizuri."

Mdogo wako,
Zuhura